"Mfumo Ndivyo Unavyosema"

Mwaka juzi, mwezi Julai, nilikwenda likizo nyumbani kwetu mkoani Njombe. Huo ni wakati wa baridi kali. Asubuhi nyingine umande huganda juu ya majani, na mtu hatamani kukaa mbali na jiko la mkaa. Nilifikia Makambako kwa dada yangu. Makambako ni mji wa njia panda: barabara ya kwenda Njombe na Songea huachana hapo na barabara kuu ya kwenda Mbeya na Zambia, na reli ya TAZARA ina stesheni yake hapo hapo. Wenyeji wamezoea kupata kitu kidogo kutoka kwa kila apitaye. Mimi nilikuwa mpita njia wa wiki tatu, na mpwa wangu alikuwa amekwisha kunipangia kazi.

"Mjomba," aliniambia siku ya pili, "sisi tupo sita, tunajifunza Java wenyewe. Tumekwama. Njoo ututazamie makosa yetu."

Walikuwa wakikutana katika chumba cha nyuma cha steshenari moja karibu na stendi, wakiwa na kompyuta mpakato mbili za mtumba. Mmoja wao alikuwa dereva wa bodaboda, wawili walikuwa wakisubiri kujiunga na chuo, na wengine walikuwa na vibarua vya hapa na pale. Java ni lugha ya kuandikia programu iliyotolewa mwaka 1995 na kampuni ya Sun Microsystems, kazi iliyoongozwa na James Gosling. Ilikuwa na umri mkubwa kuliko kila mtu chumbani isipokuwa mimi. Vijana hawa walikuwa wameichagua kwa sababu walisikia kwamba mifumo mingi ya benki na programu nyingi za simu zimeandikwa kwayo, jambo ambalo ni kweli.

Ndugu msomaji, huenda unajiuliza haya yanahusu nini katika ukurasa uliozoea kusoma habari za siasa na jamii. Naomba uvumilivu wako. Habari hii ilianza kama somo la kompyuta na ikaishia katika kikao ambacho mama mmoja mtu mzima aliitwa mwizi mbele ya wenzake, nami nilikuwa na sehemu yangu katika kosa hilo.

Makosa ya kwanza niliyoonyeshwa yalikuwa ya kawaida kabisa. Mmoja alisahau nukta mkato mwishoni mwa sentensi ya msimbo. Mwingine alifungua bano na hakulifunga. Wa tatu aliandika neno String kwa herufi ndogo mwanzoni, na Java hutofautisha herufi kubwa na ndogo bila huruma. Wa nne alilipa faili jina moja na klasi iliyomo ndani jina jingine. Makosa ya aina hii hukamatwa na kompaila, yaani programu inayosoma msimbo ulioandikwa na binadamu na kuugeuza kuwa maelekezo ambayo mashine inaweza kuyatekeleza. Kompaila ikiona kasoro hukataa kuendelea, hutaja faili, hutaja namba ya mstari, na hueleza kilichoishinda.

Nilichokiona kwa vijana hawa ndicho ninachokiona kila mwaka kwa wanafunzi wangu wa chuo. Maandishi ya makosa yanapotokea kwenye kioo, hawayasomi. Wanayafuta upesi kama mtu anayeficha daftari lenye alama za kosa asilione mzazi, kisha wanaanza kubadilisha msimbo kwa kubahatisha. Niliwauliza kwa nini. Yule dereva wa bodaboda alinijibu kwa unyofu: "Mwalimu, yameandikwa Kiingereza, na yanaonekana kama yanagomba."

Jibu hilo lilinipa mawazo. Kijana wa Kitanzania husoma shule ya msingi ya Serikali kwa Kiswahili, kisha akiingia sekondari hukuta karibu masomo yote kwa Kiingereza. Akikosea darasani, mara nyingi hukosea kwa lugha asiyoimudu, na kosa lake huchekwa au huadhibiwa. Anajifunza kwamba kosa ni aibu ya kufichwa. Si kwamba Kiswahili hakiwezi kuingia ndani ya kompyuta. Mwaka 2004 mradi uliofanyika katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zilizokuwa na menyu na maelezo kwa Kiswahili. Lakini kompaila ya Java bado huzungumza Kiingereza, na mwanafunzi anayeiogopa lugha hiyo hudhani anagombezwa pale anaposaidiwa.

Basi tukaanza kusoma makosa kwa sauti, tukiyatafsiri neno kwa neno. Niliwapa kanuni tatu. Ya kwanza: anza na kosa la juu kabisa, kwa maana nukta mkato moja iliyosahaulika inaweza kuzaa makosa kumi ya uongo chini yake. Ya pili: tazama mstari uliotajwa, usipoona kitu tazama na ule ulioutangulia, kwa sababu kompaila mara nyingi hugundua upungufu pale inapokutana na kitu kinachofuata. Ya tatu: badilisha kitu kimoja tu, kisha jaribu tena, ukibadilisha vitano kwa pamoja hutajua kipi kilichoponya. Baada ya siku nne hofu ilikuwa imepungua sana. Mtu akipata kosa aliwaita wenzake waje walisome.

Tukaingia kwenye kundi la pili, yaani makosa yanayoipita kompaila lakini yakaiangusha programu ikiwa kazini. Safu yenye vitu 6 huhesabiwa kuanzia 0 hadi 5. Ukiomba kitu namba 6, programu husimama papo hapo na kutamka kwamba umevuka mpaka. Haya nayo yana heri yake. Yanaangusha kazi, lakini yanaanguka hadharani.

Kundi la tatu nililigusa kwa haraka, na hapo ndipo ninapojilaumu.

Mpwa wangu alikuwa ameandika programu ya kikundi cha VICOBA kilichopo Njombe mjini, ambacho mweka hazina wake ni rafiki wa siku nyingi wa dada yangu. Vikundi hivi wasomaji wengi mnavijua: wanachama hununua hisa kila wiki, hukopeshana, hurejesha kwa riba ndogo, na hutenga mfuko wa jamii kwa ajili ya msiba, ugonjwa na majanga mengine. Fedha hukaa katika sanduku lenye kufuli tatu, na funguo hushikwa na watu watatu tofauti. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imeviweka vikundi vya namna hii katika daraja la nne la watoa huduma, kwa hiyo utunzaji wa hesabu si hiari. Kijana alitaka kumpunguzia mama yule kazi ya kujumlisha kwa mkono. Katibu wa kikundi angeingiza kila muamala, na mwisho wa mwezi programu ingechapa taarifa na kutaja kiasi kinachopaswa kuwamo sandukuni.

Usiku wa kuamkia safari yangu ya kurudi kazini alinionyesha programu hiyo. Nilikuwa nikifunga mizigo. Aliiendesha kwa miamala ya mfano aliyokuwa ameiandika ndani ya msimbo wenyewe. Jumla ikatoka sahihi. Nikapitisha macho haraka juu ya msimbo, nikamwambia, "Iko sawa. Mpelekee mama." Mhadhiri wa kompyuta alikuwa amesema, na kijana hakuwa na sababu ya kuwa na shaka.

Desemba yake, wakati kikundi kikijiandaa kwa mgao wa mwaka, dada yangu alinipigia simu. Taarifa ya kompyuta ilisema sanduku linapaswa kuwa na shilingi 460,000 zaidi ya zilizokutwa. Kufuli zilikuwa salama. Katibu, kijana msomi anayeheshimiwa, alihesabu fedha mara mbili mbele ya wote. Mama mweka hazina akatoa kaunta buku lake, alilokuwa akiendelea kuliandika kimyakimya licha ya kuambiwa kwamba halihitajiki tena, na jumla yake ililingana na fedha zilizomo sandukuni. Wakamjibu kwamba binadamu hukosea hesabu. Mtu mmoja akasema sentensi ambayo sisi sote tumewahi kuisikia dirishani kwenye ofisi fulani: "Mama, sisi hatukuonei. Mfumo ndivyo unavyosema." Shaka ikawafikia hata wale watatu wenye funguo. Mama yule, mjane aliyekuwa ameshika kazi hiyo kwa miaka sita, akapewa wiki mbili arudishe fedha.

Nilipanda basi hadi Makambako, nikamchukua mpwa wangu, tukapanda Kosta ya Njombe. Ni mwendo wa kilomita 60 hivi, na njia nzima kijana hakusema neno. Tulimkuta mama nyumbani kwake. "Shikamoo, mama," nilisema. Alitikia "marahaba" bila kunitazama usoni, kisha akaleta chai, kwa sababu ndivyo alivyolelewa.

Tukaomba kaunta buku na taarifa iliyochapwa, tukaviweka mezani sambamba. Kila muamala ulikuwamo katika vyote viwili. Hisa zililingana. Mikopo ililingana. Marejesho yalilingana. Misaada ya mfuko wa jamii nayo ilikuwapo, mstari kwa mstari: misiba mitatu, shilingi 100,000 kila mmoja, wagonjwa wawili, 50,000 kila mmoja, na mwanachama mmoja ambaye upepo uliezua paa lake, 60,000. Nikaijumlisha misaada hiyo peke yake pembeni ya karatasi, nikapata 460,000.

Mtu hakuhitaji shahada kuliona hilo. Alihitaji kujumlisha upya karatasi iliyotoka kwenye printa, na hakuna aliyefanya hivyo, kwa sababu hakuna anayejumlisha upya karatasi iliyotoka kwenye printa.

Tukafungua msimbo. Hisa, mikopo na marejesho kijana alikuwa ameyapa namba za utambulisho, lakini msaada aliuongeza baadaye kwa kutumia neno lenyewe. Katibu alipaswa kuandika "msaada", kisha programu ikalinganishe neno hilo na neno "msaada" lililomo ndani yake. Yakilingana, ipunguze fedha. Kijana alilinganisha kwa alama mbili za usawa, yaani ==. Hili ni moja ya makosa yanayowapata wanafunzi wengi zaidi wa Java, na nimelisahihisha mara zisizohesabika. Kwa namba alama hiyo hufanya kazi vizuri. Kwa maneno, haiulizi kama herufi zinafanana. Huuliza kama ni kitu kilekile kimoja katika kumbukumbu ya mashine. Anayetaka kulinganisha herufi hana budi kutumia amri ya equals.

Mama alitaka kueleweshwa, na hiyo ilikuwa haki yake. Nilimwambia hivi: "Chukua magunia mawili ya viazi, yote ya kilo 100, yametoka shamba moja na yameshonwa na mtu mmoja. Ukiuliza kama yanalingana, jibu ni ndiyo. Ukiuliza kama ni gunia moja, jibu ni hapana. Kijana alitaka kuuliza swali la kwanza, akaandika la pili." Akanitazama. "Na wewe mwalimu ulipoangalia, hukuona?"

Nilimweleza kwa nini sikuona, ingawa maelezo si udhuru. Maneno yakiwa yameandikwa ndani ya msimbo wenyewe, kama yale ya majaribio ya usiku ule, Java hutunza nakala moja tu ya kila neno na kuitumia kila mahali. Kwa hiyo pale kweli lilikuwa gunia moja, na jibu lilitoka sahihi. Neno likiingizwa na mtu kwa kibodi, huwa gunia jingine. Programu ilifaulu mtihani wetu kwa sababu tuliijaribu kwa mifano yetu wenyewe badala ya kazi yake halisi. Kompaila haikulalamika na programu haikuanguka. Kila mwezi iliiandika misaada kwenye karatasi safi, isiipunguze, na fedha zilizozika wafu wa kikundi zikaonekana kana kwamba zimeibwa na aliyezitoa.

Siku iliyofuata tulisimama mbele ya kikundi. Mpwa wangu alieleza kosa lake, nami nikaeleza langu, ambalo ni kubwa zaidi: niliithibitisha kazi ambayo sikuikagua. Tuliomba radhi. Mwenyekiti naye akamwomba mama radhi, na baadhi ya wanawake walilia. Mama akasema maneno machache: "Nimewasamehe wote. Lakini mjue kwamba hizi wiki mbili nilikuwa nazunguka sokoni nimejifunika uso. Kompyuta yenu haikuzunguka na mimi."

Tangu siku hiyo nimekuwa nikitafakari jambo lililotokea Uingereza, kubwa kuliko letu lakini la ukoo mmoja. Shirika la Posta la nchi hiyo lilianza mwaka 1999 kutumia mfumo wa hesabu uitwao Horizon, wa kampuni ya Fujitsu. Mfumo ukawa unaonyesha upungufu wa fedha katika ofisi ndogo za posta. Waendeshaji wa ofisi hizo waliposema hawakuiba, waliambiwa walipe. Kati ya mwaka 1999 na 2015 zaidi ya watu 900 walitiwa hatiani. Wengine walifungwa, wengine walifilisika, na wapo waliokufa kabla ya kusafishwa jina. Sheria ya huko ilichukulia kwamba kompyuta inafanya kazi sawasawa hadi mshtakiwa aonyeshe vinginevyo, na mshtakiwa hakuwa na njia ya kuona kilichomo ndani yake. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ilitamka kwamba mfumo ulikuwa na hitilafu, na mwaka 2024 Bunge likapitisha sheria ya kufuta hukumu hizo. Nchi tajiri, yenye wataalamu wengi, ilichukua miaka 20 kusikia kile ambacho watu wa posta walikuwa wakikisema tangu mwanzo.

Sisi nasi tunahamishia kila kitu kwenye mifumo: malipo, mishahara, mikopo ya wanafunzi, ushuru wa mazao. Siupingi mwendo huo, ndio ninaoufundisha. Lakini watumishi wa umma mnaosoma hapa, naomba mfahamu kwamba makosa ya kimya ni mengi na ni rahisi kuyafanya. Mwanafunzi akigawanya waliofaulu 38 kwa watahiniwa 45, kisha akazidisha kwa 100, Java itampa 0, si 84, kwa sababu namba kamili ikigawanywa kwa namba kamili desimali hutupwa kabla ya kuzidisha. Jingine linatuhusu sisi hasa. Vitabu vingi huwafundisha wanaoanza kutunza namba katika aina iitwayo int, ambayo mwisho wake ni 2,147,483,647. Mwandishi anayehesabu kwa dola huenda asifike huko maisha yake yote. Kwa shilingi zetu, halmashauri hupita hapo mapema. Ukijumlisha bilioni 1.5 na bilioni 1.5 kwa aina hiyo, Java haitakataa. Itakujibu hasi 1,294,967,296. Dawa ni neno moja, long, lakini ni lazima pawepo mtu anayeruhusiwa kusema kwamba jibu halina akili.

Hapo ndipo ninapoona siasa ya jambo hili. Tumejenga shule ambamo kosa ni aibu, na ofisi ambamo anayetilia shaka karatasi ya mkubwa ni mkorofi. Mtu aliyelelewa hivyo, akikutana na mashine inayosema kwa uhakika, atainyenyekea, na uzito wa kosa atautwika yule mnyonge aliye karibu, kama mama yule wa Njombe na kaunta buku lake. Kabla ya kuuliza nani ameiba, tuulize nani alikagua, alikagua kwa mifano gani, na aliyetuhumiwa ana njia gani ya kuhesabu upya.

Kikundi kile hakikuiacha programu. Mpwa wangu aliisahihisha, kisha akaingiza humo miamala yote ya mwaka kutoka kaunta buku la mama, na hiyo ndiyo mifano anayoijaribia kila anapobadilisha chochote. Kila mwezi jumla mbili husomwa kikaoni, ya mashine na ya mkono, na zikitofautiana hakuna anayetoka hadi sababu ipatikane. Mama bado ni mweka hazina. Mara ya mwisho nilipopita Njombe alinisalimu kwa Kibena, "Kamwene," kisha akaniuliza kama siku hizi nasoma kazi za wanafunzi wangu hadi mwisho. Nilimwambia najitahidi.